Jinsi Serikali Ilivyofungia Kunde Kabatini

Nchi ninayotaka kuisimulia ilikuwa na jina zuri tu, ila jina hilo lilichukuliwa na kamati ili lirekebishwe. Kamati haijakutana mpaka leo, kwa kuwa wajumbe hawajui wajiandike kuwa ni kamati ya nchi gani. Kwa hiyo mimi nitasema "nchi" na kuishia hapo. Atakayeona inafanana na yake, basi amebahatisha.

Kijiji chetu kinaitwa Lambo la Pili. Lambo la Kwanza liko kwenye ripoti, na waliolisoma wanasema lina maji mengi na samaki. Hili la kwetu lina matope na vyura, lakini pembezoni mwake udongo ni mweusi na laini, na hapo ndipo tunapolima kunde kwa ajili ya majani. Tuta langu la mwisho linagusa uzio wa shule. Mtoto akipiga chafya darasani, mimi huku ninamwambia, "Afya, mwanangu."

Zamani mboga zilifika shuleni hivi: asubuhi kila mwanamke aliyekuwa na mboga aliweka fungu moja mlangoni pa jiko, akaenda zake. Mama Chausiku, mpishi wa shule, aliyatambua mafungu kwa jinsi yalivyofungwa. Langu ninalifunga kwa kamba ya mgomba, fundo moja. Akikuta mafundo mawili alijua kwamba nimeamka na mawazo, na siku hiyo alinitumia uji kwenye kikombe chenye kifuniko. Mchana watoto walikula ugali na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, wakanyamaza, wakaanza tena kupiga kelele. Tuliona mambo yanakwenda. Hatukujua kwamba tulikuwa tunaishi bila utaratibu.

Redio ndiyo iliyotufahamisha. Mheshimiwa Waziri wa Vyakula Vinavyofaa alisema, kwa sauti ya mtu aliyesimama juu ya kitu:

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo, mtoto wa shule katika nchi hii atakula chakula kilichoota katika udongo wa nchi hii, kikapandwa na mkono wa mkulima wa nchi hii, chini ya usimamizi wa ofisi ya nchi hii!"

Tulifurahi sana. Mama Chausiku aliuliza kunde zetu zilikuwa zimeota katika udongo wa wapi miaka yote hiyo, lakini tukamnyamazisha. Redioni watu walikuwa wanapiga makofi, na sisi hatukutaka kuonekana tumechelewa.

*

Ofisi ililetwa na lori. Nasema ililetwa kwa sababu meza, mihuri, bendera na kabati vilikuja pamoja, na kilichokosekana kilikuwa chumba tu. Wakachukua darasa la pili. Watoto wa darasa la pili wakahamia barazani, wakajifunza huko kuhesabu, na jua likiwafikia walisogea na somo lao.

Mlangoni pakabandikwa tangazo. Mboga isiyo na kibali isiingie sufuriani. Mkulima anayetaka kulisha shule ajiandikishe kuwa mzabuni. Mwisho wa mwezi Mheshimiwa Waziri atafika mwenyewe kumtangaza mzabuni mmoja, na huyo ndiye atakayeleta mboga kwa miaka kumi. Mpaka siku hiyo, watoto mia tatu na kumi na wawili watakula ugali na maji ya chumvi, "kwa moyo wa subira".

Mlinzi akawekwa mlangoni pa jiko, na fungu langu likarudishwa siku hiyo hiyo, fundo halijafunguliwa.

Nikaenda kujiandikisha. Ndani nilimkuta kijana mwembamba mwenye kola safi, jina lake Erasto, cheo chake Mlinzi wa Sampuli. Aliponiona aliinuka, akakifuta kiti kwa leso yake mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Kaa hapa, hicho kingine kina msumari."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta kunde."

"Umeleta sampuli, bibi," akanisahihisha taratibu, kama anayemfunika mtu shuka. "Zikiwa shambani ni kunde. Zikivuka mlango huu ni sampuli."

Nilimwomba anieleze sheria, naye akanisomea yote bila kuruka. Niligundua kwamba Wizara ya Vyakula Vinavyofaa, kwa vile ilikuwa na haraka, iliazima sheria ya Wizara ya Ujenzi, ile ya matofali, ikafuta neno "tofali" na kuandika "mboga". Kifungu cha tatu kilitaka kila mboga iwe na pembe nne zilizonyooka. Erasto alikuna kichwa, akasema hicho tutakitazama kwa huruma. Kifungu cha nne kilitaka mboga idondoshwe mara tatu kutoka usawa wa kiuno bila kuvunjika. Tukaidondosha. Haikuvunjika. Akaandika: "Imara."

Kifungu cha tano ndicho kilichokuwa roho ya sheria. Kilisema sampuli iliyokubaliwa itafungiwa kabatini kwa lakiri, na kila mboga itakayoletwa baada ya hapo italinganishwa nayo kwa jicho, kwa mkono na kwa pua. Isiyofanana irudishwe.

Kwa matofali, nadhani, hiyo ni sheria nzuri sana. Tofali la leo ndilo tofali la mwezi ujao.

Fungu langu likawekwa kabatini. Kabati lenyewe lilikuwa la mbao, na mlango wake ulikuwa wa wavu wa chuma, ili wananchi waone kwamba serikali haifichi kitu. Erasto akayeyusha lakiri nyekundu, akaigandamiza kwa mhuri, akaniambia kwa furaha ya kweli:

"Bibi Sikudhani, hongera. Umefaulu kwa alama za juu. Kesho na keshokutwa sisi tunaendelea na uandikishaji. Jumatatu lete mboga yako ya kwanza ya majaribio."

Ilikuwa Jumatano.

*

Jumatatu niliamka mapema, nikachuma majani yakiwa bado na umande. Nilikwenda na kapu kichwani mpaka ofisini, hatua arobaini na moja. Mama Chausiku alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, sufuria kubwa imekwisha kuoshwa, karanga zimekwisha kutwangwa.

Erasto alitazama kapu. Akatazama kabati. Akatazama kapu tena. Nilimwonea huruma, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa kumpa mwenzake habari mbaya.

"Bibi, hii siyo mboga uliyotuletea."

"Ni hiyo hiyo, mwanangu. Tuta lile lile."

"Sampuli ni ya manjano, bibi. Tena imenyauka. Hii yako ni ya kijani na imesimama."

"Ile imekaa siku tano kabatini."

"Naelewa. Lakini sheria haiulizi imekaa wapi. Inauliza inafanana au haifanani." Akanong'ona, "Bibi, mimi nisingependa kuandika hivi," kisha akaandika: "Imerudishwa. Kosa: ubichi."

Alinibebea kapu mpaka kwenye uzio, mbele za watu. Hilo sitalisahau. Wakubwa wengine wangeliacha lile kapu pale pale.

Mchana nilisikia watoto wakigawiwa chakula. Kulikuwa na sauti ya sahani, lakini ile ya kunyamaza haikuwapo. Mtoto anayekula chumvi hanyamazi, anamtazama mwenzake tu. Binti yangu mdogo ana mtoto darasa la kwanza. Nikakunja vidole kuhesabu miaka kumi, nikaona kwamba yule mtoto atamaliza shule hajaonja jani pale, kama mambo yataharibika mwisho wa mwezi.

Basi nikaamua kuitii serikali.

Nilichuma majani mapya, nikayatandaza kwenye gunia nyuma ya nyumba, nikayaacha siku tano yawe manjano. Yalipokuwa tayari nikayapeleka. Lakini wakati yangu yanakuwa manjano, sampuli nayo haikukaa bure. Ilikuwa imeshafika kwenye weusi, tena ilianza kutoa maji.

"Umekaribia, bibi," alisema Erasto, ameziba pua kwa ile leso. "Kweli, naona bidii yako. Lakini sampuli imetangulia."

Nikarudi, nikaloweka mengine kwenye ndoo. Mama Chausiku alipita akaniona nimeinamia ndoo nayageuza majani kwa kijiti.

"We Bi Sikudhani! Unafanya nini?"

"Naozesha mboga, ili ifanane na ya serikali."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Unashindana kuoza na serikali? Hutaweza, shoga yangu. Wenzako walianza zamani!"

Kisha akaacha kucheka. Akachukua ile ndoo, akaimwaga mbali, akaniletea maji ya kunawa.

*

Mwenye kuweza alipatikana wiki iliyofuata. Aliitwa Bwana Kapera, mtu wa makao makuu, mwenye tumbo la amani na viatu ambavyo havijawahi kukutana na tope. Aliponipita kwenye matuta aliniuliza hayo niliyopanda ni maua gani.

Kunde za Bwana Kapera zilichumwa bonde la jirani. Zikapelekwa makao makuu, safari ya siku mbili, zipate cheti cha kuthibitisha kwamba ni za kwetu. Kisha zikarudishwa kwetu katika mapipa yaliyofungwa, na njiani kulikuwa na vizuizi vitatu. Kila kizuizi walikagua ubichi wake, mpaka ulipokwisha.

Mapipa yalipofunguliwa pale ofisini, kuku wa mwalimu mkuu walitawanyika. Erasto alitazama pipa, akatazama kabati. Kwa jicho, sawa. Kwa mkono alitumia kijiko, lakini sawa. Kwa pua hakuhitaji kusogea.

"Zinafanana," alisema kwa sauti ndogo.

"Asilimia ngapi?" aliuliza Bwana Kapera.

"Tisini na tisa. Kuna jani moja hapa bado lina rangi ya kijani."

"Litoe," alisema Bwana Kapera. "Mimi sipendi kazi ya ovyo."

Akaahidi kwamba siku ya Waziri ataleta mapipa mengine mapya, yenye hali hii hii au zaidi. Akatupungia mkono kwa adabu, akaondoka. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Jioni ya siku ile, kabla jua halijazama, Erasto alikuja kwangu na ile sheria kwapani. Mlinzi wa Sampuli hatakiwi kuwatembelea wazabuni, kwa hiyo alisema amekuja kutazama vyura. Nilimpa kiti na kiazi cha kuchoma. Alikimaliza kiazi, halafu akasema:

"Bibi, mimi shule ya msingi nilisoma bila chakula. Mchana tulikuwa tunalala kifudifudi, ili tumbo ligandamizwe na sakafu. Nilipopewa kazi hii niliandika barua kwa mama kwamba naenda kulisha watoto."

Nikamwongeza kiazi.

Tukaisoma sheria pamoja. Mimi nasoma polepole, kwa kidole, na nadhani hiyo ilisaidia, kwa sababu anayesoma haraka hupita juu ya vitu. Kwenye kifungu cha kumi na moja kidole changu kikasimama. Waliandika hivi:

"Sampuli ikivunjika, Mlinzi ataweka nyingine siku hiyo hiyo, kutoka kwa mzabuni aliye karibu zaidi na ofisi, ili kazi isisimame."

"Ikivunjika," nilisema.

"Nimeshaliona hilo, bibi. Ni neno la matofali. Kunde zilizooza hazivunjiki." Akainamisha kichwa. "Nimejaribu. Nimelitikisa kabati asubuhi mbili. Zinacheza tu, kama uji."

Hapo ndipo nilipomwonea huruma kwa mara nyingine. Kijana amesoma, ana diploma, lakini hakuna aliyemwambia jambo ambalo kila msichana wa Lambo la Pili analijua akiwa na miaka sita. Sisi kiangazi hatuna mboga mbichi. Tunakula za kukausha. Majani ya kunde unayachemsha kidogo, unayaponda, yanakuwa meusi, yanavuja maji, mtu asiyejua akiyaona atasema yameharibika. Unayatandaza juani. Siku ya kwanza yanashikana. Siku ya pili yanakuwa kama ngozi. Siku ya nne ukiyagusa yanavunjika mkononi kama majani ya chai.

"Mwanangu," nikamuuliza, "sheria inakukataza kulifungua kabati?"

"Inakataza kabisa."

"Kuigusa sampuli?"

"Inakataza."

"Kulisogeza kabati?"

Akafungua karatasi, akasoma mbele, akasoma nyuma. Tofali halijali liko upande gani wa chumba, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kulikataza.

Kesho yake asubuhi tulilisukuma kabati sisi watatu, mimi, Erasto na Mama Chausiku, kutoka kona yenye unyevu mpaka kwenye dirisha la mashariki. Mama Chausiku ndiye aliyefanya kazi kubwa, mimi nilisukuma kwa nia. Erasto akaandika kwenye faili: "Kabati limesogezwa ili kupisha ufagio."

*

Mheshimiwa Waziri alikuja na magari kumi na moja na hema moja. Watoto walipangwa juani tangu saa mbili, waimbe. Walipewa wimbo uliotungwa wizarani, wenye beti tisa, na kila ubeti ulimshukuru mtu mwingine. Bwana Kapera alikaa mstari wa mbele, na mapipa yake yalikaa nyuma ya hema, upande ambao upepo hautoki. Lakini upepo wa kwetu hauna msimamo.

Mimi niliitwa kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wazabuni, tena la pili kati ya wawili. Kapu langu lilikuwa miguuni, nimelifunika kwa kanga.

"Mboga ni nini?" aliuliza Waziri, akasubiri. Hakuna aliyethubutu kujibu. "Mboga, ndugu zangu, ni uzalendo uliochemshwa! Nchi nyingine zinakula ili zishibe. Sisi tunakula ili tufuate mwongozo!"

Makofi yakapigwa. Kisha akaomba kabati liletwe mbele, alinganishe kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wapiga picha.

Likaletwa. Waziri akainama kwenye wavu, akabaki ameinama.

"Hii nini?"

"Sampuli, Mheshimiwa," alisema Erasto.

"Mbona ni ya kijani?"

"Imewekwa leo asubuhi, Mheshimiwa. Ile ya kwanza imevunjika."

"Nani kaivunja?"

"Jua, Mheshimiwa."

Mtoto mmoja alikohoa akazibwa mdomo. Waziri alitazama juu kidogo, akarudisha macho haraka.

"Jua lilikuwa na kibali?"

"Halikuomba, Mheshimiwa."

Katibu wake akaandika: "Jua. Halikuomba." Erasto akaanza kupekua sheria, akakipita kifungu alichokitaka mara mbili. Mama Chausiku aliliona hilo. Akatoka jikoni na mwiko wake mkubwa, akaenda kusimama bega kwa bega na yule kijana, akawa anafukuza nzi ambao hawakuwapo. Erasto akakipata. Akasoma kifungu cha kumi na moja chote, kwa sauti, bila kukwama.

"Nani aliyepitisha upuuzi huo?" aliuliza Waziri.

"Ni wewe, Mheshimiwa. Saini yako ipo kila ukurasa. Huu hapa umeusaini mara mbili."

Bwana Kapera akainuka. "Mheshimiwa, mapipa yangu yanafanana na sampuli kwa asilimia mia! Nina cheti!"

"Ile iliyovunjika," alisema Erasto.

Sasa sheria ni sheria, na wapiga picha walikuwa wanasubiri. Ikabidi Waziri alinganishe. Pipa likafunguliwa. Kwa jicho, Waziri alitazama. Kwa mkono, aliomba mkono wa katibu. Kwa pua, aliinama, akainuka ghafla kama mtu aliyekalia siafu, na wale waliokuwa mstari wa mbele wakakumbuka kwamba wana shughuli mstari wa nyuma.

Kisha nikafunua kapu langu. Majani yake niliyachuma saa ile ile niliyochuma ile sampuli, na yalifanana nayo, jani kwa jani, kama ndugu wa siku moja.

Lazima niseme ukweli, Waziri yule hakuwa mjinga. Aliwageukia watu, akainua mikono yote miwili.

"Ndugu wananchi! Kama mnavyoona kwa macho yenu, serikali yenu sikivu imeamua kwamba mboga ziwe za kijani! Uamuzi huu haukuwa rahisi!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo, kwa sababu safari hii watoto nao walipiga.

Mkataba ukasainiwa pale pale. Miaka kumi. Mimi nina miaka sabini na nne. Waziri aliniuliza kama nitaweza, nikamwambia nitajitahidi nisife kabla ya mkataba.

Mama Chausiku akaweka sufuria motoni. Mpiga picha alitaka Waziri apigwe akiwa na kijiko mdomoni, basi ikaletwa sahani ya ugali na kunde zilizoungwa kwa karanga. Akainua kijiko, akakiweka karibu na mdomo, akatabasamu, picha ikapigwa. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini nadhani harufu ilimfikia. Akala kijiko kile. Akala kingine. Akasahau wapiga picha, akasahau tai yake, akala akiwa ameizungushia sahani mkono, kama wanavyokula watoto waliokulia kwenye nyumba yenye watoto wengi. Nilikuwa nimekaa karibu, nikamsikia akisema, siyo kwa mtu yeyote:

"Mama naye alikuwa anaweka karanga."

Nikamwongeza. Mtu akikwambia habari za mama yake, unamwongeza. Upande wa jikoni watoto mia tatu na kumi na wawili walikuwa wananyamaza.

Alipomaliza alijifuta mdomo, akawa Waziri tena, magari kumi na moja yakaondoka.

*

Kesho yake redio ilitangaza kwamba shule nyingine zote nchini, ambazo sampuli zake hazijavunjika, zitahudumiwa na Bwana Kapera kwa miaka kumi, kwa kuwa ndiye pekee anayefanana nazo. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikangoja taarifa ya saa saba, wakarudia. Nilikumbuka Waziri alivyokuwa ameizungushia sahani ile mkono, nikazima redio.

Sisi kwetu mambo yanakwenda kwa utaratibu. Wizara imeanzisha Kitengo cha Uvunjaji, na Erasto amepandishwa cheo kuwa Mvunja Sampuli. Tumepunguza sampuli iwe majani matano, maana sheria haisemi ukubwa, na matano hukauka mapema. Kila asubuhi Erasto anakata lakiri mbele ya mashahidi wawili, anayavunja yale makavu kwa vidole, anasoma kifungu cha kumi na moja, anatembea hatua arobaini na moja mpaka kwenye matuta, anachuma majani matano mapya, anarudi, anayafungia, kisha ananiita mimi niliyekuwa nimesimama pembeni yake muda wote, na kulinganisha kapu langu nayo. Inapofika saa nne mboga zinavuka mlango wa jiko. Siku za mawingu huwa na wasiwasi, anaipepea sampuli kwa faili tangu jana yake. Jua limeandikiwa barua ya kujieleza, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Halijajibu.

Ni kazi nyingi kwa kitu ambacho zamani kilihitaji fundo moja. Lakini watoto wanakula, na darasa la pili wamezoea kuhama.

Juzi walifika wanawake watatu kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Walitembea tangu alfajiri, na miguu yao ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Nilikuwa jikoni namsaidia Mama Chausiku kuchambua majani. Tukawapa maji, tukawapa sahani. Mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, hakula. Alitazama tu zile kunde, akazigusa kwa kidole.

"Mabinti zetu wameanza kukataa shule," alisema. "Wanasema mapipa yakifunguliwa mwalimu anatoka nje, wao hawaruhusiwi. Tumesikia huku mnakula za kijani. Bibi, mna dawa gani?"

"Hatuna dawa," nilisema. "Ofisi yenu ya sampuli, dirisha lake linatazama wapi?"

Wakatazamana.

"Haina dirisha, bibi. Wameichukua stoo ya shule."

Nikaliweka jani chini. Tukasikia mtoto yule akinyonya kidole mgongoni kwa mama yake. Mama Chausiku akafuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda, akaketi karibu nao mpaka magoti yakagusana.

"Haya," akasema. "Paa lake ni la nini?"